Nusu ya Baba, Nusu ya Mama

Sisi tuliokulia Makongeni wakati viwanda vya Thika vilikuwa bado vinaita watu kazini kwa king'ora tulijua saa kabla ya kujua kusoma. Cha asubuhi kilimtoa Baba nyumbani, cha alasiri kikamrudisha na nyuzi za pamba kichwani, kama mtu aliyeota mvi kwa siku moja. Hapo katikati dunia ilikuwa yetu. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa kugongwa, kwa mpira wa majuala, mifuko ya plastiki tuliyoifunga kwa kamba, tukapiga bano, zile gololi za kioo, vumbini mpaka vidole vikapasuka, na msimu wa mananasi tukala mpaka ndimi zikawasha. Jioni mama zetu walitukamata mmoja mmoja wakatusugua magoti kwa jiwe. Nikiwaambia wanangu, waliozaliwa hapa Ngoingwa, kwamba tulisuguliwa kwa jiwe, wanatazamana, halafu mmoja anauliza kama hiyo haikuwa kesi ya polisi.

Nyumbani tulikuwa wanne. Baba alitoka magharibi mwa Kenya akiwa kijana, akapata kazi katika kiwanda cha nguo, akarudi kumwoa Mama na kumleta Thika. Mimi, Wekesa, ndiye kifungua mimba. Baada yangu alizaliwa mtoto ambaye hakufikisha miaka miwili, na jina lake halikutajwa tena nyumbani. Kisha akaja Nasimiyu, dada yangu, tukiwa tumepishana miaka mitano.

Nasimiyu alikuwa mwembamba, macho yake yana umanjano kidogo, na kila baridi ya Julai ilipoingia mifupa ilimuuma. Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa anakunja magoti, anauma kona ya blanketi na kutazama ukuta. Mama alipasha mafuta kwenye kijiko akamkanda miguu, na Baba, aliyekuwa mtu mkali, alimbeba mgongoni mpaka hospitalini bila kusimama njiani kusalimia mtu. Siku alizokuwa mzima alitaka kucheza kama sisi, lakini akikimbia mara mbili tatu anaishiwa pumzi. Kwa hiyo tulimfanya refa. Alikaa kwenye ngazi ya duka, miguu ndani ya sweta la Baba, akihesabu. Hakuna aliyebishana naye. Ukisema mpira haukukugusa, anakuambia uliguswa kisigino, na wewe mwenyewe unajua ni kweli.

Hospitalini nesi mmoja alimwambia Mama kwamba huo ni ugonjwa wa damu, wa kurithi. Foleni ilikuwa ndefu, na maelezo yakaishia hapo. Mama alirudi na vidonge, kadi, na neno hilo moja. Neno likakaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga.

Baba alikuwa na dada yake mkubwa, tuliyemwita Senje kwa lugha ya kwetu. Kila Desemba alikuja kutoka nyumbani na kuku wawili na maneno mengi. Alipolisikia hilo neno aliliweka mbele ya Baba.

"Amerithi, sawa," akasema. "Lakini amerithi kwa nani? Ukoo wetu unaujua wewe. Taja mtu mmoja kwetu aliyeumwa mifupa hivi tangu utoto. Mmoja tu."

Baba hakumpata. Mama pia hakumpata kwao, lakini hakuna aliyemuuliza. Tangu mwaka huo, Nasimiyu akizidiwa, nilianza kumsikia Baba akisema "damu ya kwenu". Kwanza alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Baadaye akazoea.

Nikaingia kidato cha kwanza na sweta lililonifika magotini, lile la kununuliwa ili mtu alikulie. Shule ilikuwa ya kutwa, tulienda kwa miguu. Mwalimu wetu wa bayolojia aliitwa Kamande, mtu mfupi aliyekuwa anatembea na chaki masikioni mote mawili. Ulimi wake mara nyingine uliikosa herufi ya l, na seli kwake zilikuwa "seri". Tulimwigiza wakati wa chakula, lakini hakuna mwalimu tuliyempenda zaidi, kwa sababu akishafundisha kwa Kiingereza cha kitabu alifunga kitabu na kuanza upya kwa Kiswahili chake.

Siku moja alituagiza kila mmoja aje na kitunguu. Tulikuwa wanafunzi karibu hamsini. Mama alinipa kile kimoja kilichobaki cha mchuzi, akasema nikirudishe kikiisha kusomwa. Mwalimu alichukua kitunguu kimoja, akakichuna utando mwembamba kama karatasi ya sigara, akaudondoshea iodini, na hicho kimoja kilitosha darasa zima. Vingine aliviweka kwenye kiondo akaenda navyo. Wiki nzima tulisema kwake wanakula mchuzi wa vitunguu hamsini.

Hadubini ilikuwa moja. Mwalimu aligeuza kioo chake kuelekea dirishani ili inase mwanga, akatupanga foleni, na kila mtu alipewa hesabu ya kumi. Nilipofika, kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Kisha nikaona ukuta. Matofali marefu, yamepangwa vizuri kuliko nyumba yoyote ya Makongeni, na ndani ya kila tofali kadoa kamoja ka kahawia.

"Umeona hako kadoa?" Mwalimu akaniuliza.

"Nimekaona."

"Hako ndiko kiini. Hakana ukubwa, lakini ndiko kanashika maagizo yote. Seri ijengwe namna gani, ifanye kazi gani, igawanyike lini. Ndiyo maana ukipanda kitunguu hutoi viazi."

Watu walicheka. Akageukia darasa zima. "Na wewe hapo ulipo una viini visivyohesabika, na maagizo yaliyo ndani yake hukujiandikia. Nusu ulipewa na baba, nusu na mama. Hakuna mtu hapa aliyepewa yote na mzazi mmoja. Hata yule anafanana na mama yake mpaka kutembea, nusu ni ya baba."

Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilisimama.

Kengele ilipolia nilibaki nikimsaidia kukusanya vioo. Nilimweleza habari za Nasimiyu: maumivu, macho, mikono iliyovimba akiwa mtoto mchanga. Nilimtajia herufi zilizoandikwa kwenye kadi yake, maana nilikuwa nimezikariri. Mwalimu Kamande alitoa chaki sikioni akaiweka mezani.

"Huyo ana seri mundu," akasema. "Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu wa kukata nyasi, zinakwama kwenye mishipa midogo. Ndiyo maana anaumwa."

"Na zina kiini kibaya?"

"Zikikomaa hazina kiini kabisa. Kinatolewa nje. Lakini kabla hakijatoka kimeshaacha maagizo ya vile damu itatengenezwa, na maagizo yenyewe ndiyo yenye kosa." Akachukua kipande cha karatasi, akachora miduara miwili, wa baba na wa mama, na chini yake minne ya watoto. "Sasa angalia hapa. Ugonjwa huu hautoki kwa mmoja. Lazima baba atoe na mama atoe. Wote wawili wamebeba, na wao wenyewe hawaumwi, hawajui."

"Kwa hivyo si Mama?"

Nadhani alielewa yote hapo.

"Si mama peke yake, na si baba peke yake. Wala si kosa la mtu. Nani nyumbani anasema ni mama?"

Nikainamia vioo nilivyokuwa nikikusanya. Akanipa ile karatasi. "Mwonyeshe mzee wako. Akikataa kuelewa, mwambie aje, ama mimi nije. Nitakuja hata Jumapili, Wekesa. Umesikia?"

Nilisikia. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa mwepesi, karatasi iko mfukoni mwa shati, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Baba nimesoma kitu leo. Hapana. Baba, mwalimu anakusalimia. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuwahi kumwambia Baba jambo ambalo yeye halijui. Kwetu mtoto alijibu, hakuanza. Tulisifiwa na majirani wote kwa hilo. "Watoto wa Baba Wekesa wana adabu," walisema, na Mama alifurahi kama amesifiwa yeye.

Siku hiyo Baba alirudi amechoka. Iliyofuata alikuwa amekasirishwa na msimamizi wake. Nikajiambia, Jumapili.

Jumapili ikaja na Senje. Haikuwa Desemba, na hakuwa na kuku. Alikuja na mzee mmoja wa ukoo, wakaketi sebuleni na Baba baada ya chakula cha mchana, na Mama akaitwa akae kwenye stuli karibu na mlango. Nasimiyu alikuwa nje na watoto, akihesabu. Nilimsikia kupitia dirishani: saba, nane, umetoka, wacha kudanganya.

Mimi nilikuwa naandaa chai. Kupitia pazia nilimsikia Senje akisema kwamba ndugu yake amezika mtoto mmoja na sasa anauguza wa pili, na kwamba mwanamume hawezi kuendelea kumwaga jasho ndani ya damu iliyoharibika. Yule mzee akasema hakuna anayemfukuza mtu. Mama aende kwa ndugu zake apumzike, mambo yaangaliwe. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mama alikuwa anakunja pindo la leso yake na kulikunjua.

Niliingia na birika. Niliwamiminia wote wanne. Nilipomaliza sikutoka. Nilisimama pale, mkono wangu uko juu ya mfuko wa shati, na karatasi niliisikia ndani yake.

Baba akainua kichwa. "Unataka kusema nini?"

Aliniuliza. Hilo ndilo ninalorudia sana sasa nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile. Aliniuliza mwenyewe, na hata sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kushika.

"Nauliza kama niongeze sukari," nikasema.

"Iko sawa. Nenda."

Nikaenda.

Jumatatu Mama alifunga nguo zake na za Nasimiyu akaenda Ruiru, kwa binamu yake aliyekuwa kibarua kwenye shamba la kahawa. Mimi nilibaki na Baba kwa sababu ya shule. Nasimiyu aliniachia kazi yake ya refa, akanionya nisimpendelee mtu. Siku hiyo hiyo shuleni, Mwalimu Kamande alinisimamisha mlangoni.

"Ulimwonyesha mzee?"

"Ndio, Mwalimu."

"Alisema nini?"

"Alisema asante."

Akanipiga bega kwa furaha, mkono wake umejaa vumbi la chaki, akaingia darasani. Jioni nikaitupa ile karatasi kwenye jiko.

Ruiru si mbali na Thika. Ni mwendo ambao siku hizi wanangu wanaenda kununua viatu na kurudi kabla chakula hakijapoa. Lakini kwangu wakati ule ulikuwa mwendo wa likizo hadi likizo. Kila nilipoenda, Mama alikuwa mwembamba zaidi na mkimya zaidi. Alichuma kahawa, alifua nguo za watu, na kila Jumatano alifunga. Nilidhani ni mambo ya kanisa. Nasimiyu alikuwa amekuwa mrefu, amejifunza kusuka mikeka ya majuala, na bado alikuwa hakubali kudanganywa. Chumba chao kilikuwa cha mbao, na baridi ya Ruiru mwezi wa Julai inapita katikati ya mbao kama mtu mwenye ufunguo.

Nilikuwa kidato cha nne Nasimiyu alipofariki. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Maumivu yalianza kifuani siku ya Jumanne, wakampeleka hospitalini, na Alhamisi niliitwa kutoka darasani. Baba alikuja kwenye mazishi, akasimama upande mwingine wa kaburi, amevaa koti lake la kazi kwa sababu hakuwa na lingine jeusi.

Wiki moja baadaye nilikuwa na Mama nje ya kile chumba, tukichambua mahindi kwenye ungo. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Mama akaanza kuzungumza bila kuniangalia.

"Nilifunga miaka yote hii nikimwomba Mungu anisamehe," akasema. "Sijui nilichofanya, lakini mwili wangu ndio uliwaua watoto wangu. Wawili."

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia habari za kitunguu, kiini, miduara miwili na minne, nusu ya baba na nusu ya mama. Wakati huo nilikuwa nimeshasoma somo lenyewe kwa kirefu, na nilieleza vizuri sana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imesimama ndani ya mahindi.

"Haya uliyajua lini?"

Ningeweza kusema mwaka huu. Somo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu cha mwaka huo.

"Kidato cha kwanza," nikasema. "Kabla hamjaondoka."

Akaanza kuchambua tena. Alitoa punje mbovu, moja, mbili, nyingi.

"Ungesema, labda baba yako asingesikia," akasema. "Senje yako ndiye kabisa. Lakini mimi ningesikia, Wekesa."

Hakuwahi kulitaja tena, hata siku moja, na sijawahi kulisahau hata siku moja. Miaka yote nilikuwa nimejidanganya kwamba niliogopa kwa sababu Baba hangebadilika. Sikuwahi kufikiria kwamba palikuwa na mtu wa pili pale sebuleni, kwenye stuli, aliyehitaji kusikia zaidi ya Baba.

Baba nilimwambia nilipokuwa tayari na kazi na nyumba, alipostaafu nikamleta akae nami. Nilikuwa nimepimwa damu kabla ya kuoa, na karatasi ilionyesha kwamba mimi pia nimebeba. Mke wangu hana. Nilimweleza Baba mezani, mchana. Aliuliza maswali mawili tu. Je, daktari alikuwa na hakika? Na je, ina maana yeye pia? Nikasema ndiyo, yeye na Mama sawasawa. Alikaa barazani mpaka jua likazama. Asubuhi akavaa koti, akaniambia nimpeleke Ruiru.

Mama alimpokea vizuri. Alimpa kiti chenye mto. Baba akasema, "Mama Wekesa, nilikukosea," na sauti ikaisha hapo.

"Kunywa chai," Mama akamwambia. "Inapoa."

Alikunywa yote. Hawakurudiana, na Baba akafariki mwaka uliofuata. Mama alihudhuria mazishi, akakaa mstari wa mbele.

Tukikutana sisi wa rika letu, kwenye harusi na mazishi, tunawacheka watoto wa siku hizi. Hawajui kunyamaza. Hujamaliza sentensi wameshakurekebisha, na ushahidi uko kwenye simu. Mgeni anaongea, mtoto anaingilia. "Sisi enzi zetu," mmoja anasema, na wote tunatikisa kichwa. Mimi pia hutikisa, kisha nachelewa kulala.

Jumapili iliyopita tulikuwa Ruiru kwa Mama. Binti yangu Naliaka, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa na somo la seli wiki hiyo, na hakungoja kuulizwa. Alikaa karibu na bibi yake, anayemwita Kukhu kwa lugha ya kwetu, akafungua simu, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka kiini kikajaa kioo kizima, kikubwa, cha rangi ya zambarau, hakifanani na kale kadoa nilikopewa kwa hesabu ya kumi.

"Hapa ndani ndio kuna instructions zako zote, Kukhu," akasema. "Nusu ni ya baba yako, nusu ni ya mama yako."

"Nusu kamili?" Mama akauliza.

"Kamili. Hakuna mtu hutoa zote peke yake."

"Hebu rudia hapo."

Naliaka akarudia, kwa ile haraka yao, hata chai ilikuwa haijachemka. Mama akamwambia arudie tena, naye akarudia. Mama alikuwa amemshika mkono, akisikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka kwao. Nami nilikuwa nimekaa mkabala nao, mtu mzima mwenye nyumba na watoto, nikinyamaza vizuri, kama nilivyofunzwa.